Korongo Lisilo na Alama

Mama mkwe alikuwa ameingiza mkono hadi begani ndani ya tundu la mwamba, akipima kama kisanduku chake kitaenea humo, wakati kinyozi alipoona kwamba kijito walichokivuka asubuhi ile kwa kuruka mawe kimebadilika rangi.

Walipokuja kilikuwa kiangavu, changarawe zikionekana mpaka chini. Sasa kilikuwa na rangi ya chai ya maziwa, na vijiti vidogo vilielea juu yake vikizunguka, vikigongana, vikienda zao mbiombio kama vinavyokimbia jambo huko vilikotoka.

"Mama," aliita.

"Subiri. Humu ndani kuna kona. Pakavu kabisa, hata unyevu hakuna."

"Mama, hebu yaangalie haya maji."

"Yana nini?"

Anga juu yao, ule utepe mwembamba uliobanwa kati ya kuta mbili za korongo, ulikuwa wa buluu tupu, bila wingu hata la kusingizia. Lakini ndege, waliokuwa wakipiga kelele tangu walipoingia, walikuwa wamenyamaza wote kwa pamoja, kama watoto darasani mwalimu anapotokea mlangoni.

Kinyozi huyu aliogopa vitu viwili duniani: maji yanayokwenda, na mama wa mke wake. Maji, kwa sababu hakujua kuogelea hata kwa kubahatisha. Mama mkwe, kwa sababu alikuwa muuguzi wa wodi ya majeruhi hadi alipostaafu, na bado alikuwa na ile namna ya wauguzi wa zamani ya kumtazama mtu kama anayetafuta pa kumdunga sindano. Kinyozi alipokuwa naye sebuleni alikaa kwenye ncha ya kiti, akajibu alichoulizwa, akaaga mapema. Heshima ya mkwe ni umbali, na yeye umbali huo aliutunza kama mboni ya jicho.

Lakini asubuhi ile mke wake alikuwa amemshika shati. "Mama anakwenda porini peke yake, na goti lake unalijua. Mfuate. Mtarudi kabla ya chakula cha mchana." Kinyozi akafunga kibanda chake cha kunyolea, mteja mmoja akiwa amenyolewa upande mmoja tu wa ndevu, ikabidi afungue tena ammalizie huku mama mkwe akisimama mlangoni na fimbo yake, akiangalia barabara.

Tangu astaafu, mama huyu alikuwa amenogewa na mchezo ambao jirani zake waliuona kama dalili ya uzee. Mchezaji huficha kisanduku kisichopitisha maji mahali fulani, chini ya daraja, ndani ya shina la mti, nyuma ya tofali lililolegea, kisha huweka alama ya mahali hapo kwenye ramani ya simu. Watu wasiomjua huja na simu zao kukisaka. Wakikipata huandika majina yao kwenye karatasi iliyomo na kukirudisha palepale. Basi. Hakuna zawadi. Yeye alikuwa amevisaka vya wenzake hadi goti likaanza kulia, na sasa alitaka kuficha cha kwake. Tatizo lilikuwa nafasi. Sheria ya mchezo hairuhusu kisanduku kipya kikae jirani na kingine, na mji wao ulikuwa umejaa alama kama uso wenye chunusi. Alipendekeza ukuta wa makaburini, akakataliwa na waendeshaji wa mchezo, kipo kingine ng'ambo ya barabara. Akapendekeza mnara wa tangi la maji. Akakataliwa. Ndipo alipoikuza ramani kwa vidole viwili, akaona nje ya mji eneo kubwa lisilo na alama hata moja, na katikati yake mstari mwembamba wa korongo.

"Ona palivyo wazi," alimwambia kinyozi. "Utadhani pananisubiri mimi."

Hakuna kati yao aliyejiuliza kwa nini wasakaji wote wale, miaka yote ile, walikuwa wameliacha korongo lile kama lilivyo.

Sasa kinyozi alikuwa akijiuliza. Kwanza alihisi kitu nyayoni, mtetemo kama wa mashine ya kusaga iliyo nyumba ya pili. Kisha ikaja sauti, ya lori la kokoto likimwaga mzigo, ila mzigo haukwisha kumwagika, na lori lilikuwa linasogea.

Mama mkwe alichomoa mkono. Alitega sikio. Uso wake, ambao kinyozi hakuwahi kuuona ukibadilika hata msibani, ukabadilika.

"Panda," alisema. "Panda sasa hivi!"

"Wapi?"

"Popote palipo juu!"

Juu kidogo ya kichwa cha mtu mrefu, mwamba ulikuwa umetokeza kama rafu. Kinyozi aliparamia kwanza, viatu vikiteleza, kucha zikikatika, akalala kifudifudi na kumnyooshea mama mkono. Kabla ya siku hiyo hakuwahi kumgusa zaidi ya mkono wa salamu. Akamkamata kiwiko, akamkamata kwapa, akavuta. Kisanduku cha manjano kilimponyoka mama, kikadunda juu ya jiwe. Alikitazama kidogo, akakiacha.

Ndipo maji yakatokea konani.

Hayakuja kama maji. Yalikuja kama ukuta wa matope wenye miti ndani yake, ukisukuma mbele yake upepo wa baridi unaonuka udongo na mizizi. Ulipopita chini yao mwamba wote ulitikisika. Kijito hakikuwapo tena. Mahali pake palikuwa na kitu kirefu cha kahawia kilichojaza korongo ukuta kwa ukuta, kikinguruma. Huko milimani, ambako macho yao hayakufika, mvua ilikuwa imenyesha bila wao kujua, na sasa milima ilikuwa inautua mzigo wake hapa.

Alipita mbuzi, miguu juu. Ukapita mlango mzima wa nyumba ya mtu, kitasa na komeo bado vimefungwa. Kinyozi aliutazama ule mlango ukizama na kuibuka, akajua kuna nyumba iliyokwenda na maji, kwa sababu mlango haujing'oi wenyewe kwenye ukuta.

"Usiyatazame," mama mkwe alisema. "Rudi nyuma. Bana mgongo ukutani."

Gogo lililowapata hawakuliona. Lilikuja likiwa limezama, mkondo ukaliinua ghafla, ncha yake ikagonga rafu na kuikwaruza tokea upande mmoja hadi mwingine. Kinyozi aliruka. Mama, mwenye goti bovu, hakuwahi. Gogo likaubana mguu wake kwenye mwamba, likageuka, likaenda zake. Sauti iliyotoka ilikuwa kavu, kama kuni inapovunjwa juu ya paja.

"Mguu," alisema, kwa sauti ileile ya mtu anayesema mlango uko wazi. Kisha midomo yake ikawa myeupe.

Muundi ulikuwa umepinda mahali pasipo na kiungo. Kinyozi alihisi matapishi yakimpanda.

"Utatapika baadaye. Fimbo yangu ipo?"

"Ipo."

"Ivunje vipande viwili. Vua mkanda. Nipe na shati lako." Alikuwa anahema kwa vipande. "Sasa shika kisigino, vuta kuja kwako. Polepole, lakini usiache. Hata nikipiga kelele usiache. Unanisikia, mkwe? Ukiacha katikati utaniua."

Alivuta. Mikono iliyozoea kushika wembe kwa wepesi juu ya koo za watu sasa ilivuta kwa nguvu zote. Mama mkwe alipiga ukelele. Na ukelele ule ulimtisha kinyozi kuliko mafuriko, maana hakujua kwamba ndani ya mwanamke yule mlikuwa na sauti kama hiyo. Mguu ukanyooka. Akapanga vipande vya fimbo kandokando yake, akafunga kwa mkanda, akazungusha shati na kukaza.

Alipoinua kichwa, ncha ya kiatu chake ilikuwa ndani ya maji.

"Mama, yanapanda."

Yalikuwa yanalamba ukingo wa rafu, yakirudi, yakilamba tena mbele kidogo. Kinyozi aliangalia juu. Ukuta ulikuwa laini kama sahani. Alitoa simu yake, ikatoka na maji. Ya mama, iliyoning'inia shingoni kwa kamba, iliwaka, ikaonyesha kwamba hakuna mtandao, ikazima na haikuwaka tena.

"Nyuma yangu," alisema mama mkwe. "Weka mkono. Unahisi?"

Nyuma ya rafu mwamba ulikuwa na ufa, mwembamba kama mlango ulioachwa wazi kidogo. Kutoka ndani yake ilivuma hewa ya baridi yenye harufu kali ya choo.

"Ni popo," alisema. "Na hewa haivumi kutoka mahali palipozibwa. Huko juu kuna tundu."

"Na kama halitoshi mtu?"

Mama mkwe alikuwa ameshaingiza kichwa ufani.

Ndani kulikuwa na giza la kaburi. Ufa ulipanda kwa mshazari, kuta mbili zikikaribiana na kuachana. Mama alitangulia, akijivuta kwa viwiko na mguu mmoja, na kinyozi akamfuata kwa chini, kichwa chake kikigusa makalio ya mama wa mke wake.

"Samahani, mama."

"Samahani ya nini? Sukuma!"

Akaweka bega, akasukuma. Kila walipopanda kimo cha mkono, alisikia nyuma yake maji yakiingia ufani, yakifyonza na kutema kama mtu mwenye kiu asiye na meno. Kitu chenye miguu mingi kikapita shingoni mwake, na hakuwa na mkono wa kukifutia. Kisha popo wakaamka. Walishuka wote kwa mkupuo, mabawa ya ngozi usoni, masikioni, mdomoni. Alifumba macho, ingawa giza lilikuwa lilelile, akang'ata meno na kungoja waishe.

Walipoisha, mama mkwe alikuwa ameacha kupanda.

"Kuna nini?"

"Nimekwama. Kifua."

"Jaribu tena."

"Nimejaribu." Akapumua. "Mkwe, sikiliza vizuri. Upande wa kushoto hapa pana uwazi kidogo. Wewe ni mwembamba. Unipite, utoke, utafute watu. Mimi nitangoja."

Maji yalikuwa yamemfika kinyozi magotini. Alijua, kama alivyojua jina la mke wake, kwamba hakuna kungoja mahali pale. Akajiona akitokea nyumbani peke yake. Na jambo baya lilikuwa hili: mwili wake ulishageukia kushoto. Mkono wake wa kushoto ulikuwa umeshaupata ule uwazi na ulikuwa umeshika jiwe zuri, imara.

Akauondoa mkono.

"Nyamaza, mama!" alipiga kelele. "Sitaki kusikia tena neno hilo! Nyamaza na upande!"

Mwangwi wake ulipanda juu na kurudi. Mtu hamfokei mama mkwe. Hata pale, maji yakiwa mapajani, masikio yake yalipata moto kwa aibu.

Kisha akasikia kitu ambacho hakukitambua mara moja. Mama mkwe alikuwa analia, kwa sauti ndogo, kama mtu anayejificha.

"Sijui kuogelea," alisema. "Nimeogopa tangu kule chini. Naogopa, mwenzangu."

"Na mimi sijui."

"Wewe hujui? Nilidhani..."

"Nilidhani wewe unajua."

Wakawa na giza na maji, na hakuna mtaalamu. Ajabu ni kwamba kinyozi alipata nguvu kidogo hapo, kama mtu mwenye mfuko mtupu anayegundua kwamba mwenzake naye hana kitu, basi hawana tena cha kufichana.

"Mama, kule hospitali mlikuwa mnafanya nini mtu akikwama? Mtoto akikwama kutoka?"

Mama alivuta kamasi. "Mwili ukijaza hewa unapanuka," alisema polepole. "Nikitoa pumzi yote... Ngoja. Nitaitoa yote, mpaka mwisho. Nikikugonga kwa kisigino, sukuma kwa uwezo wako wote. Mara moja tu. Nikibaki hapo bila hewa sitaweza tena."

Alimsikia akipumua nje, ndefu, mpaka ikawa mluzi, mpaka ikawa hakuna. Kisigino kikamgonga utosini. Kinyozi akakita miguu kwenye kuta mbili ndani ya maji, akaingiza mabega yote mawili, akasukuma huku akipiga yowe. Kitambaa kilichanika. Ngozi pia, alisikia. Kisha uzito ukaondoka juu yake ghafla hata nusura aanguke, na mwanga wa kijivu ukamwangukia usoni.

Walitokea kwenye uwanda wa mawe, mawe yenye makali kama chupa zilizovunjwa, na kati yake miti ya miiba mirefu kuliko sindano. Walilala ubavu kwa ubavu kama samaki waliovuliwa. Mawingu yaliyokuwa milimani yalikuwa yamefika sasa, na jua halikuonekana tena. Mama mkwe alikuwa na michubuko kifuani mpaka nyama nyekundu. Kinyozi alijikuta mgongo wazi, bila shati, akitetemeka kwa baridi. Baada ya maji yote yale alikuwa na kiu.

Mvua fupi ilipita. Maji yakatuama kwenye vishimo vya mawe, yakiwa na majani na wadudu. Mama alifungua kitambaa chake cha kichwa.

"Chuja kwa hiki. Kunywa kidogo kidogo. Na mimi unipe."

Akampa, akimshikia kichwa.

"Reli iko upande gani?" kinyozi aliuliza. Asubuhi walikuwa wameivuka kabla ya kuteremkia korongoni.

"Tukiliacha korongo mgongoni, twende mbele. Lakini sauti yake iko kila upande."

Ilikuwa kweli. Mngurumo ulitoka ardhini kote. Kinyozi alichuchumaa, mama akamkumbatia shingo, akamwinua mgongoni. Mguu uliofungwa ukagonga mti, mama akauma bega lake ili asipige kelele. Wakaenda. Miiba ilimchana tumbo na mapaja. Alihesabu kwamba akianguka hataweza kumwinua tena, kwa hiyo hakupumzika. Alikwenda mpaka miguu ikafa ganzi, mpaka aliposikia mbele yake harufu ile kali ya popo. Akasimama.

Mbele yao kulikuwa na tundu jeusi, na mdomoni mwake kipande cha gauni la mama. Walikuwa wamezunguka wakarudi palepale. Ndani ya tundu maji yalikuwa yamefika juu, yakipumua, karibu kiasi cha kuyagusa.

Kinyozi alipiga magoti. Hofu iliyompata hapo haikuwa ya kelele. Ilikuwa baridi na tulivu, ikimwambia alale tu.

"Inuka," mama alisema sikioni mwake. Haikuwa amri. Alikuwa anamwomba. "Mtu akienda bila alama huzunguka, kila mtu. Sasa tazama. Mti ule uliovunjika kichwa, unauona? Na nyuma yake ule mweupe. Ipange ikae mmoja nyuma ya mwingine. Nenda hivyo. Tukiufikia wa kwanza, tutachagua mwingine nyuma ya mweupe. Mimi nitatazama miti. Wewe tazama miguu yako tu."

Akainuka. Akatazama miguu yake tu. "Kushoto kidogo," sauti ilisema. "Hapo. Nyooka. Mwingine ni ule wenye kiota." Wakati mwingine sauti ilinyamaza, naye akamtikisa kwa mabega, "Mama! Mama, mti gani?" Ikarudi kutoka mbali, "Ule... ule wa manjano." Mwili mgongoni ulikuwa unazidi kuwa na joto, kisha unazidi kuwa mzito. Alianza kusema naye ovyo, habari za wateja, nani ana kipara anachokikana, nani hulala kwenye kiti akikoroma. Alisema mpaka ulimi ukakauka, ili tu asikie pumzi ikijibu.

Kisigino chake kikakanyaga kokoto. Kokoto za kupangwa, na juu yake chuma.

Alikaa kwenye reli, mama mapajani, na hakujua afanye nini zaidi. Mwanga ulikuwa unapungua. Kisha chuma kikaanza kulia chini yake, na kwa mara ya pili siku ile alihisi mtetemo ukimjia.

Kilikuwa kiberenge, kigari kidogo cha mafundi wa reli waliokuwa wakikimbilia kukagua daraja kabla treni ya jioni haijapita, kwa maana habari za mafuriko zilikuwa zimeshafika stesheni. Kilikuja kasi. Kinyozi alimvuta mama nje ya chuma, akainua mkono, akajaribu kuita, kikatoka kikohozi. Kiberenge kikawapita. Aliona migongo ya makoti ya rangi ya chungwa ikienda zake. Kisha mmoja aliyekaa nyuma akageuza shingo, na breki zikapiga mayowe.

"Msiende mbele!" ndilo neno la kwanza alilowaambia, na hakujua alikuwa anazungumzia nini, daraja au korongo. "Msiende, maji!"

"Tulia, ndugu. Mwachie mama. Tumempata. Mwachie."

Hakuweza. Vidole vyake vilikuwa vimejifunga kwenye gauni la mama vikakataa kufunguka. Msimamizi wa mafundi, mzee wa mikono mikubwa, alipiga magoti kwenye kokoto, akavifungua kimoja kimoja, taratibu, kama anayefungua fundo la uzi asitake kuukata.

Mguu ulipona, ukiwa mfupi kidogo. Daktari alisema aliyeufunga aliuokoa, mama mkwe akamwelekezea kidole kinyozi, naye akatazama sakafu.

Siku mvua kubwa ya kwanza ilipoupiga mji baada ya hapo, kibanda cha kunyolea kilikuwa kimejaa. Mama mkwe alikuwa amekaa kwenye benchi la wateja, fimbo yake mpya ukutani. Alikuwa ameanza tabia ya kuja kukaa pale mchana, bila kusema sababu, na hakuna aliyemuuliza. Wateja walikuwa wanabishana kuhusu mpira. Mvua ikaanza juu ya bati, kidogo, halafu yote kwa pamoja, na wale wateja wakapaza sauti tu, wakaendelea kubishana.

Mashine ya kunyolea ikasimama hewani, ikivuma. Kinyozi alikuwa ameganda, macho mlangoni, ambako mtaro wa barabara ulikuwa umeanza kuwa na rangi ya chai ya maziwa.

Mama mkwe alisogea hadi mwisho wa benchi. Akanyoosha mkono mbele ya watu wote, akamshika kinyozi kifundo cha mkono, akakibana. Macho yake mwenyewe yalikuwa mtaroni.

"Nipo," alisema.

"Nipo," kinyozi alijibu.

Mteja kwenye kiti aliinua macho kwenye kioo, akawatazama, asielewe. Walibaki vile mpaka mvua ilipopungua, kisha kinyozi akaishusha mashine na kuendelea na kazi, polepole, kwa mkono mmoja, kwa sababu ule mwingine bado ulikuwa umeshikwa.